Msamiati wa sayansi kwa mwanafunzi: namna ya kuujua kwa kuuona, kuupima na kuuandika

Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kukuambia, bila kukosea, kwamba mvukizo ni hali ya kimiminika kugeuka kuwa mvuke. Muulize sasa kwa nini kanga iliyoanikwa asubuhi imekauka na jua halikuchomoza siku nzima. Ananyamaza. Fasili anayo kichwani, lakini hajui aitumie wapi. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi huyo, na wa mzazi, kaka au dada anayekaa naye jioni kumsimamia masomo. Maneno ninayotumia ni yale ya shule za msingi za Tanzania zinazofundisha kwa Kiswahili. Vifaa vyote vinapatikana jikoni, shambani na dukani.

Hatua ya 1: Andaa daftari la maneno

Chukua daftari la kawaida la mistari. Kila neno lipe nusu ukurasa, na chini yake andika mambo manne: umeliona wapi kwa macho yako, linapimwaje na kwa kizio gani, neno lipi linachanganywa nalo, na sentensi moja uliyoitunga mwenyewe. Usinakili fasili ya kitabuni kabla hujajaza hayo manne.

Ukurasa uliojazwa vizuri unaonekana hivi:

*Jotoridi. Nimeliona: uji uliotoka jikoni na uji uliopoa. Hupimwa kwa kipimajoto. Kizio ni nyuzi za Selsiasi. Huchanganywa na: joto. Joto ni nishati inayotoka kwenye kitu chenye moto zaidi kwenda kwenye kitu chenye baridi zaidi. Jotoridi ni kiwango cha umoto au ubaridi wa kitu. Sentensi: Jotoridi la kawaida la mwili wa mtu mzima wa afya ni kama nyuzi 37.*

Si kila neno lina kizio. Chavua haina, mvukizo hauna. Hapo acha wazi, au andika kifaa kinachotumika kuonyesha jambo lenyewe. Maneno matano kwa wiki yanatosha kabisa. Anayeandika hamsini kwa usiku mmoja anafanya kazi ya mkono tu.

Hatua ya 2: Anza na sufuria ya maji

Hatua hii ni ndefu kuliko zote kwa sababu sufuria moja jikoni inabeba robo nzima ya msamiati wa joto na hali za maada, yaani yabisi, kimiminika na gesi. Mtu mzima awepo, maana maji ya moto na mkaa havina masihara.

Washa jiko la mkaa. Kabla hujateleka, weka kiganja pembeni ya jiko, mbali kidogo na moto. Unahisi joto ingawa hujagusa kitu. Huo ni mnururisho: joto linasafiri bila kuhitaji kitu cha kupitia. Ndivyo joto la jua linavyotufikia kutoka umbali wa kilometa milioni 150 hivi, likipita kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na hata hewa. Vitabu vingine huandika mnunurisho. Jambo ni hilohilo.

Sasa teleka sufuria yenye maji nusu. Tia ndani kijiko cha chuma na mwiko wa mti, vishikio vikiwa nje, kisha subiri dakika chache. Gusa kwa tahadhari. Kijiko kimepata moto hadi juu, mwiko bado wa baridi. Joto limepanda kupitia chuma, chembe hadi chembe, na chembe zenyewe zimebaki mahali pake. Huo ni mpitisho. Chuma hupitisha joto vizuri, mti haupitishi vizuri, na ndiyo sababu ya vishikio vingi vya vikaango kuwekewa mti au plastiki.

Dondosha punje chache za majani ya chai kwenye maji yanayoanza kupata moto. Zitazame. Zinapanda upande mmoja na kushuka mwingine, zinazunguka. Maji ya chini yakipata moto hutanuka, densiti yake hupungua, yaani kila lita yake inakuwa nyepesi, yanapanda. Yale ya juu yenye baridi na densiti kubwa yanashuka kuchukua nafasi. Hapa chembe zenyewe zinasafiri na joto lake, na jina lake ni msafara. Anayeishi pwani analijua jambo hili bila sufuria: mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari, hewa ya juu ya nchi kavu inapanda, na upepo wa baridi unaingia kutoka baharini. Usiku hugeuka, ukavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini.

Maji yakianza kutoa mapovu toka chini, hapo una maneno mawili ambayo wanafunzi huyachanganya kila mwaka, yaani mvukizo na mchemko. Mvukizo hutokea juu tu, kwenye uso wa kimiminika, na hutokea kwenye jotoridi lolote. Ndiyo maana kanga hukauka hata siku ya mawingu, mradi upepo upo. Mchemko hutokea ndani ya kimiminika chote, kwa mapovu, na kwenye jotoridi maalumu. Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mbeya mjini, juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Maharage ya Mbeya hukaa jikoni muda mrefu zaidi kwa sababu hiyo hata kama mkaa ni uleule: maji yanachemka, lakini hayana jotoridi la yale ya Dar.

Funika sufuria, hesabu hadi thelathini, kisha funua. Matone yaliyo chini ya mfuniko ni mtonesho, mvuke uliokutana na bati la baridi ukarudi kuwa maji. Umande wa asubuhi ni mtonesho. Matone nje ya chupa ya maji baridi ni mtonesho pia, na hapa wanafunzi wengi husema chupa inavuja. Haivuji. Maji yale yametoka kwenye hewa iliyoizunguka.

Malizia kwa chumvi. Tia kijiko kimoja, koroga, imetoweka machoni. Imemumunyika, na ulichonacho sasa ni mmumunyo. Acha maji yakauke yote kwa moto mdogo na utaikuta imebaki kwenye kuta za sufuria. Kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, au ya Gongoni karibu na Malindi, hufanywa hivyohivyo, ila moto wao ni jua.

Hapa simama kidogo. Mtaani tunasema sukari imeyeyuka kwenye chai, na baadhi ya vitabu husema hivyo pia. Ila matendo ni mawili. Kuyeyuka ni kitu kimoja kutoka yabisi kuwa kimiminika kwa kupata joto. Kumumunyika kunahitaji vitu viwili, kimoja kikitawanyika ndani ya kingine, na kunaweza kutokea hata kwenye maji ya baridi. Mafuta ya nazi ni mfano mzuri wa kuyeyuka: hubadilika kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Tanga hukaa kimiminika chupani, na ukiyapeleka Njombe mwezi wa saba yanaganda mpaka uyachokoe kwa kijiko.

Hatua ya 3: Yakamate maneno ya mtaani yenye kazi nyingine darasani

Maneno magumu yanayosikika kigeni, kama vile kloroplasti, hayamsumbui mwanafunzi sana, kwa sababu anajua kwamba hayajui. Yanayomwangusha ni yale anayodhani anayajua.

*Uzito.* Dukani tunasema uzito wa sukari ni kilo moja. Darasani, kilo moja ni tungamo, kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Uzito ni kani ambayo dunia inakivutia kitu hicho, na kizio chake ni nyutoni. Sukari ya kilo moja ina uzito wa karibu nyutoni 10 hapa duniani. Ipeleke mwezini: tungamo litabaki kilo moja ileile, punje hazikupungua, lakini uzito utashuka hadi nyutoni 1.6 hivi, kwa sababu mwezi huvuta kwa kani ndogo, karibu sehemu moja ya sita ya ile ya dunia.

*Kani.* Ni msukumo au mvuto. Usiandike "nguvu" kwenye swali linalotaka kani, ingawa mtaani nguvu hubeba kila kitu. Kani ya msuguano ndiyo inayosimamisha baiskeli ukifunga breki. Kani ya mvutano ndiyo inayoshusha embe.

*Kazi.* Hili huwauma wengi, kwa sababu linaonekana kumdharau mtu aliyechoka. Kazi katika sayansi ni kani ukiizidisha kwa umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Ukivuta ndoo ya lita 10 kutoka kisima chenye kina cha mita 10, kani ni karibu nyutoni 100, umbali ni mita 10, umefanya kazi ya jouli 1,000 (jouli ni kizio cha kazi na cha nishati). Ukisimama na ndoo hiyo kichwani robo saa, misuli inauma na jasho linatoka, lakini ndoo haijasogea, kwa hiyo kazi iliyofanywa juu ya ndoo ni sifuri. Mwili wako umetumia nishati kukaza misuli, hilo ni kweli. Swali la mtihani, hata hivyo, linauliza kuhusu ndoo.

*Joto na jotoridi.* Kipi kina joto zaidi, kikombe cha maji yanayochemka au ndoo ya lita 20 ya maji ya kuogea? Wengi hujibu kikombe. Fanya hesabu. Kilo moja ya maji huhitaji karibu jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja. Maji yote yalianza kwenye nyuzi 25. Kikombe cha robo lita kikifika nyuzi 100 kimechukua jouli 78,750. Ndoo ikifika nyuzi 40 tu imechukua jouli 1,260,000, yaani mara kumi na sita ya kikombe. Jotoridi la kikombe ni kubwa zaidi, ila nishati iliyotumika kwenye ndoo ni nyingi zaidi, na mkaa ulioisha jikoni unathibitisha.

*Kupumua.* Kuna kuvuta na kutoa hewa, kazi ya mapafu, na kuna upumuaji unaofanyika ndani ya seli, pale chakula kinapovunjwa kwa kutumia oksijeni ili kutoa nishati. Mmea hauna mapafu lakini seli zake zinapumua, usiku na mchana. Mchana unafanya pia usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, na hapo ndipo linapozaliwa kosa la kusema mimea hupumua usiku tu. Andika kwenye daftari: usanisinuru mchana, upumuaji wakati wote.

Hatua ya 4: Soma umbo la neno

Kiswahili kinasaidia sana hapa. Maneno mengi ya sayansi yameundwa kwa vitenzi tunavyovitumia kila siku, na mwenye kuliona umbo halazimiki kukariri.

Maneno yenye m- mwanzoni na -o au -ano mwishoni hutaja jambo linalotokea: mchemko, mgando, mvukizo, mtonesho, mtetemo, msuguano, mvutano. Yenye u- na -aji hutaja kitendo kinachofanywa: uchavushaji, usafirishaji, uchujaji. Yenye ki- mara nyingi hutaja kitu kinachofanya kazi hiyo: kipimajoto, kichocheo. Kuna pia yaliyounganishwa. Usanisinuru ni usanisi wa chakula kwa nuru. Takamwili ni taka za mwili, kama vile mkojo na jasho. Walanyama na walamimea hayahitaji maelezo.

Zoezi: chukua ukurasa mmoja wa kitabu chako cha sayansi, piga mstari chini ya kila neno lenye mojawapo ya maumbo hayo, kisha andika kando kitenzi lilikotoka. Mvukizo, vukiza. Mtetemo, tetema. Ukikwama kwenye neno moja au mawili, hayo ndiyo ya kumuuliza mwalimu.

Hatua ya 5: Nenda kwenye mahindi

Sura ya uzazi wa mimea hufundishwa kwa mchoro wa ua moja kubwa lenye kila kitu. Ni mchoro mzuri, ila ua hilo mwanafunzi halioni njiani. Mmea wa mahindi anauona. Ngoja hadi mahindi yatoe mbelewele, kisha ingia shambani asubuhi.

Mbelewele ni ua la kiume, lile lililo kileleni. Litikise juu ya karatasi nyeusi au kiganja, na unga wa njano utakaoanguka ni chavua. Shuka chini hadi kwenye hindi changa, uzione ndevu zinazochungulia. Hizo ni sehemu za ua la kike, na kazi yake ni kupokea chavua. Zishike: zina unyevu na zinanata kidogo, ili chavua ikitua isiondoke. Upepo ukiangusha chavua juu ya ndevu, uchavushaji umetokea. Chavua huota mrija mwembamba sana unaoshuka ndani ya udevu mpaka kwenye yai, na mbegu ya kiume ikiungana na yai, huo ni utungisho. Mambo ni mawili, moja linafuata jingine. Anayeandika kwamba uchavushaji ni kuungana kwa mbegu ya kiume na yai anakosa alama.

Kisha linalopendeza kuliko yote: kila udevu mmoja unaenda kwenye punje moja. Umewahi kumenya hindi ukakuta mapengo, punje zimeruka hapa na pale? Kila pengo ni udevu ambao haukupata chavua, au uliipata na utungisho haukufanikiwa, mara nyingi kwa sababu ya ukame wakati wa kutoa ndevu. Hindi lililochomwa jioni linaweza kusomwa kama ripoti ya uchavushaji. Wakulima wanaopanda eneo dogo hupanda mistari kadhaa mifupi iliyokaribiana kuliko mstari mmoja mrefu, ili upepo usipeleke chavua yote nje ya shamba.

Hatua ya 6: Umeme wa betri

Hapa nitakuwa mfupi. Nunua betri mbili, balbu mbili ndogo za tochi na waya. Usiguse kabisa umeme wa ukutani. Unganisha balbu mbili moja baada ya nyingine: hiyo ni saketi ya mfuatano. Chomoa moja, zote zinazima. Ziunganishe kila moja na njia yake: hiyo ni saketi sambamba, na ukichomoa moja nyingine inaendelea kuwaka, kama taa za nyumbani. Mkondo hupimwa kwa ampia, volteji kwa volti. Kata waya katikati, ziba pengo kwa sarafu, msumari, kijiti, kifutio, na uandike balbu iliwaka kwa kipi.

Hatua ya 7: Jua majina mawili ya kitu kimoja

Utakutana na yabisi kitabu hiki na mango kitabu kile. Jotoridi na halijoto. Kimiminika na kiowevu. Kabonidayoksaidi na hewaukaa. Usihangaike. Maneno haya yaliundwa kwa nyakati tofauti na watu tofauti: Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, limekuwa likisanifu istilahi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Walimu na waandishi wa vitabu nao walikuwa na yao.

Kwenye jibu tumia neno lililo kwenye swali. Swali likisema halijoto, jibu kwa halijoto. Kwenye daftari andika yote mawili mstari mmoja. Kwa maoni yangu, mwalimu anayemkata mwanafunzi alama kwa kuandika mango badala ya yabisi hamtendei haki.

Hatua ya 8: Vitenzi vya maswali

Taja hutaka majina tu. Eleza hutaka sababu au namna jambo linavyotokea. Chora hutaka mchoro wenye majina ya sehemu, mistari ikigusa sehemu yenyewe. Kinachowatoa wengi alama ni tofautisha. Jibu baya: "Mvukizo ni maji kuwa mvuke na mchemko ni maji kupata moto sana." Hapo hakuna tofauti, kuna sentensi mbili zisizokutana. Jibu zuri hupima vitu vyote viwili kwa kigezo kimoja: "Mvukizo hutokea kwenye uso wa kimiminika, mchemko hutokea ndani ya kimiminika chote. Mvukizo hutokea kwenye jotoridi lolote, mchemko hutokea kwenye jotoridi maalumu."

Hatua ya 9: Ukielekea Kidato cha Kwanza

Sekondari za Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiingereza, na mabadiliko hayo huwavunja moyo watoto wenye akili nzuri kabisa. Daftari lako usilitupe. Rudi ukurasa wa kwanza, na kando ya kila neno la Kiswahili andika la Kiingereza kwa kalamu ya rangi nyingine. Usitafsiri fasili. Kanga iliyokauka bila jua, mahindi yenye mapengo na ndoo ya kisimani tayari unavijua, kwa hiyo unaongeza jina jipya tu juu ya jambo unalolifahamu.

Zoea pia alama za vizio tangu darasa la tano, maana hazibadiliki lugha ikibadilika. Andika kg kwa herufi ndogo zote mbili, N na J kwa herufi kubwa, m ya mita kwa herufi ndogo, °C kwa C kubwa, na uache nafasi kati ya namba na alama: 5 kg, 50 N, 100 °C.